Maji ya Kuonyesha Chini

Siku ya kwanza ya juma, 1/9/2025

Sahani: vifundo vinne. Maji yameshuka, jiwe la tano la ukuta liko nje.

Karne mupya leo, daftari langu la vipimo. Ile ya zamani imejaa, nimeiweka ndani ya sanduku ya bati pamoja na zingine. Hakuna mutu wa kuziomba. Zamani Frera Odilon, mutawa wa mission, alizisoma kila mwisho wa mwezi, kalamu ya biki nyekundu mukononi. Frera amekufa. Biro, ofisi ya maji, inatuma watu wasiojua hata gurudumu la vane, lile la kufunga na kufungua maji, linazunguka upande gani. Mimi naandika tu. Miaka arobaini na moja niko na hili baraji, ukuta na maji yake, mimi Mbuyu. Watu wananiita Papa Vane. Sikumaliza darasa la tatu, lakini mainjeniere wanne wamekuja, wamekwenda, mimi niko.

Kazi ni ileile. Asubuhi naingia mutumbwi, nafika katikati, nashusha sahani nyeupe na kamba. Pale sahani inapopotea machoni, nahesabu vifundo. Kifundo kimoja ni shibiri mbili. Wakati wa Frera ilikuwa vifundo kumi. Siku zingine kumi na kimoja! Frera alisema hajaona mutu mwenye macho kama Mbuyu.

Vinne si vibaya. Ni jua tu.

Muke wangu Thérèse anasema maji ya robine, ya bombani, yanatoa harufu. Nilimwambia pua yake imezeeka.


Siku ya nne, 4/9

Vifundo vinne kasoro.

Nyanya zangu zimeiva. Kalemie yote hakuna nyanya kama hizi. Mama mmoja wa soko ameshika moja, akauliza kama ni boga.

Naandika hii ili iandikwe mahali: ziwa lilipopanda na kula nyumba za chini, watu wa pwani walikuja huku mulimani na sufuria zao na nyavu zisizo na kazi. Watavua nini kwenye mulima? Njo mimi niliyewaonyesha udongo. Miti ya Frera, ile mistari mitatu ya kuzunguka maji, na matete chini yake, watu waliiogopa. Mission walikataza kuikata. Mimi nilikata mustari wa kwanza kwa mukono wangu, nikachoma makala, mukaa wa kuuza, nikapanda nyanya. Wakaona. Leo mulima wote ni nyanya na muhogo mpaka maji yanapogusa. Nani mwingine angewalisha?

Mama Clémentine, yule mujane wa kutoka Zongwe, analowesha muhogo wake pale ukingoni. Wengine pia, mashimo kama ishirini. Muhogo unalala siku nne ndani ya maji mpaka unalainika na kunuka. Leo alikuwa anaosha magunia ya angre, ile mbolea ya duka, mulemule. Nikamwambia, mama, hapa ni maji ya kunywa. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba mukojo wa nyanya zangu unashuka mulemule pia, na nyanya zangu zinakunywa angre kuliko zake. Wanawake wote wakacheka. Nami nikacheka. Ana mudomo yule.


Siku ya Mungu, 14/9

Mvua ya kwanza. Mapema mwaka huu, na kwa hasira. Tulikuwa misani, padri akaacha kusema kwa sababu ya kelele ya bati.

Nilishuka nikiwa na viatu vya misa. Mulima unatiririka. Njia za maji nyekundu zilizojichimba katikati ya mashamba, kila moja inaingia barajini. Nyanya za Clémentine zinaelea. Zangu mistari miwili imekwenda, na angre niliyotia juzi imekwenda nayo.

Sahani: nusu kifundo. Niliishusha nikafikiri kamba imekatika.


Siku ya tano, 19/9

Udongo umeshuka chini. Kifundo kimoja na nusu. Jua kali, hakuna upepo hata kidogo. Maji yamelala kama mutu mugonjwa.


Siku ya posho, ya sita, 20/9

Leo maji ni kijani.

Si kijani ya majani ndani ya maji. Ni kama mutu ametwanga sombe, majani ya muhogo, akaimwaga juu, ikatanda. Nilipitisha kafi, mustari ukabaki nyuma ya mutumbwi, halafu ukajifunga polepole. Harufu ya banda la kuku. Sahani ilipotea kabla ya kifundo cha kwanza.

Nimefunga vane robo, nimefungua, nimefunga. Haibadilishi kitu. Robine sita za kartie, mutaa wetu wote, na ile ya dispanseri, zote zinakunywa hapa.

Jioni Thérèse ametoka na bido mbili tupu za kuchotea maji. Nikamwuliza wapi. Akasema chemchem, nyuma ya mulima. Saa moja na nusu kwenda, na kurudi na muzigo ni zaidi. Muke wa Papa Vane anapita mbele ya robine na bido tupu kichwani! Watu wa foleni wamemwona. Wakamsalimu. Halafu wakaniangalia mimi.


Siku ya kwanza, 22/9

Shefu wa kartie amekuja nyumbani, Ignace. Mutoto wa juzi, lakini anajua heshima, alivua kofia. Akazunguka maneno muda mrefu: mvua, bei ya mafuta, mama anaendeleaje. Mwisho akatoa karatasi. Biro imeandika. Kama mwisho wa mwezi wa kumi maji yako bado hivi, wataleta mulinzi mwingine, aliyesoma, na mimi nitapumzika.

Kupumzika. Nikamwambia, Ignace, mimi nilifunga vane hii usiku wa vita watu wote walipokimbia, baba yako akiwemo. Akasema anajua, Papa. Akasema anajua sana.

Alipoondoka Thérèse akasema labda ni kweli, tumezeeka. Sikula.


Siku ya pili, 23/9

Bata saba wa Clémentine wamekufa ukingoni, midomo ndani ya ule uji wa kijani. Alikuja nao mikononi, amewashika shingo, akawapanga mbele ya robine ili kila mutu aone.

Sébastien, mukubwa wa dispanseri, amesimama kwenye foleni akasema watu wasinywe, hata kuchemsha haisaidii. Watu wakanigeukia. Nilikuwa na kopo langu. Nikafungua robine, nikajaza, nikanywa. Nikajaza tena, nikanywa. Nikageuza kopo chini waone halina kitu. Nikasema, maji haya yameninywesha miaka arobaini na moja, bata ni bata.

Wengine wakapiga makofi. Mama wawili wakajaza bido zao palepale.

Sébastien akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Papa, tumbo yako si laboratware."


Siku ya tatu, 24/9

Tumbo. Mara nne nje. Ni maharagwe ya jana.


Siku ya tano, 26/9

Nimekumbuka! Kichwa changu ni sanduku, kinachoingia hakitoki.

Mwaka wa 1988. Maji yaligeuka kijani hivihivi, njo mwaka wale wenye ngombe walikaa na mifugo yao juu ya baraji. Frera alileta mawe madogo ya bulu, rangi ya mbingu, kutoka Bulaya, ndani ya gunia. Alifunga gunia nyuma ya mutumbwi. Mimi nilipiga kafi, yeye alishika kamba. Tulizunguka, tulizunguka, tangu asubuhi hadi saa sita, gunia linayeyuka nyuma yetu na kuacha mukia wa bulu. Baada ya siku chache maji yalikuwa kama kioo. Wakati uleule bomba liliharibika, Frera akalifunga kwa kulitengeneza, watu wakanung'unika kwa kutembea mutoni. Lakini maji yalipona.

Na ile dawa ya bulu ninaijua. Njo ileile tunayopulizia nyanya ugonjwa wa majani ukiingia. Iko mujini, dukani.

Mainjeniere wanne hawakujua hii. Biro haijui. Mimi najua.


Siku ya posho, 27/9

Nimeshuka mujini kwa Wilfried, anayeuza dawa za mashamba. Nimechukua magunia matatu. Akaniuliza shamba langu ni kubwa namna gani, Papa, hii inatosha nyanya za Kalemie mpaka Moba. Nikamjibu nyanya zangu zinaugua sana. Alinipa na jozi ya glavu.

Frera alitumia gunia moja. Lakini sasa uchafu ni mwingi kuliko ule, na mimi si mutu wa kupima kidogo-kidogo.

Thérèse ameuliza magunia ni ya nini. Nyanya, nilisema.


Siku ya Mungu, 28/9

Nilingoja wote waende misani. Saa tatu kamili niliingia majini. Kuvuta gunia na kupiga kafi mutu mmoja, miaka sabini na tatu! Mukia wa bulu ulikuwa muzuri, kama kitenge cha bi arusi kinaburuzwa. Magunia yote matatu. Pale matete ya zamani nilizunguka mara mbili.

Kengele ya kutoka misa ilinikuta nikiosha mutumbwi. Mikono ni bulu mpaka kiwiko. Glavu nilisahau nyumbani.


Siku ya pili, 30/9

Uji wa kijani umekatika vipande. Umegeuka rangi ya majivu. Unazama.


Siku ya tatu, 1/10

VIFUNDO VITANO.


Siku ya nne, 2/10

Vifundo saba! Nilirudia mara tatu. Sahani naiona inacheza kule chini kama mwezi. Tangu Frera aondoke sijaandika saba.

Nilipiga kengele ya baraji, ile ya hatari, watu wakaja mbio. Nikawapeleka ukutani, nikawaambia waangalie. Wakaona mawe ya chini. Wakaona ndoo iliyozama zamani. Clémentine akapiga vigelegele, akaniambia, Papa Vane, leo ningekuwa kijana ningeolewa na wewe. Ignace akanishika mukono kwa mikono miwili, akasema ataandikia biro barua kwamba mulinzi mwingine hahitajiki. Wakauliza nimefanya nini. Nikasema: ujuzi.

Nilikunywa mbele yao. Wakanywa wote. Foleni ya robine ilifika mpaka kwa muuza makala.

Sébastien alijaza chupa, akaipandisha juani, akaiangalia. Akasema inaonekana nzuri. Halafu akauliza, "Mbona vyura hawalii?" Ni mutu wa kutafuta wadudu katika sahani safi.


Siku ya tano, 3/10

Vifundo nane.

Thérèse amerudi tena na bido za chemchem. Baada ya yote hayo! Kartie nzima inakunywa maji yangu, muke wangu anatembea saa tatu. Nikamwuliza unataka wanicheke. Akasema hapana, ni kwamba maji ya baraji yanauma ulimi, kama kunyonya sarafu. Nikasema hayaumi.

Nilichukua bido zake mbili, nikazimwaga kwenye shina la mupapai. Nikaenda robine, nikajaza, nikarudi nikaziweka mbele yake.

Aliangalia ule unyevu kwenye mupapai. Halafu akachota kopo, akakunywa, akasema, "Sasa uko sawa, Mbuyu?"

Niko sawa.


Siku ya Mungu, 5/10

Vifundo tisa.

Vyura hawalii kweli. Nimesikiliza jana na leo. Kwenye matete yaliyobaki hakuna hata ndege wa maji. Samaki wadogo wamejaa upande wa ukuta, tumbo juu, nimewachota kapu mbili nikazika kabla watu hawajaamka. Ni baridi ya mvua, inawaua.


Siku ya pili, 7/10

Thérèse ametapika tangu jana. Nikasema ni malaria, kila mutu mvua ikianza. Nilimsindikiza mwenyewe dispanseri, anatembea na kusimama, anatembea na kusimama. Sébastien akampima kidole. Malaria hakuna. Akapima tena. Hakuna.

Ndani kuna wengine kumi na mmoja. Wote wanashika ubavu wa kulia, hapa chini ya mbavu. Wale mama wawili waliojaza bido siku ya bata wako pale, na mama wa muuza makala.

Sébastien aliniita pembeni. Akaniuliza: "Papa, kuna kitu kimebadilika kwenye maji?"

Nilisema yamekuwa safi, hujaona?


Siku ya nne, 9/10

Macho ya Thérèse ni ya njano. Kama kiini cha yai. Nilipoingia aligeuza uso ukutani, sijui ni mwanga unamuuma au ni mimi.

Sébastien ametuma damu hospitali kubwa. Majibu siku tatu, nne. Anawanywesha maji mengi, maji na chumvi na sukari. Pale nje ana tanki lake la plastiki, linajazwa na bomba langu. Alisema asante Mungu maji angalau yapo na ni safi.

Mimi mwenyewe ubavu unauma. Sisemi.


Siku ya tano, 10/10

Sikulala. Alfajiri nimefungua sanduku ya bati. Chini ya karne zangu kuna ile ya Frera mwenyewe, jalada jeusi. Sijawahi kuifungua. Ni kifaransa, na mimi kifaransa ni bonjour na majina ya vyuma.

Lakini namba najua. Nikatafuta 1988. Mwezi wa tisa. Frera alichora sahani kidogo pembeni, na vifundo: 1. Chini yake gunia, alilichora pia, Frera alipenda kuchora. Halafu kesho yake neno moja. Hilo neno ninalijua bila kujua kifaransa, kwa sababu limechongwa kwenye gurudumu la vane, nimelishika kila siku miaka arobaini na moja.

FERMÉ.

Imefungwa. Kesho yake tena. FERMÉ. Vifundo 4, FERMÉ. Vifundo 7, FERMÉ. Vifundo 9, na bado FERMÉ. Nimefuata kwa kidole. Siku ishirini na moja. Siku ya ishirini na mbili amechora kopo, na neno lile la kufungua, la upande mwingine wa gurudumu.

Bomba halikuharibika. Frera alilifunga makusudi. Sasa naelewa: ule uji wa kijani ulipokufa ulitapika sumu yake ndani ya maji. Maji yalikuwa safi na yalikuwa mabaya. Mimi nilikuwa napiga kafi, sikuuliza.

Tangu ile siku ya magunia, katika karne yangu hakuna FERMÉ hata moja. Nimehesabu. Siku kumi na mbili wazi.


Siku ya posho, 11/10

Saa kumi na moja asubuhi nimefunga. Mizunguko yote thelathini na minne, mpaka chuma ikalia.

Nilikwenda dispanseri kumwambia Sébastien. Niliiweka karne ya Frera ndani ya shati. Njiani nilikuwa na maneno. Nimefika, alikuwa anazalisha, mikono yote miwili ina kazi. Akanisalimu na kichwa. Nikaangalia kwa Thérèse. Amelala, midomo imepasuka. Mama wa kitanda cha pili akaniambia, Papa, mama amekuwa anakuita jana yote. Nikasimama hapo. Watu kumi na wanne sasa. Wengine waliponiona wakainuka kidogo kitandani, wakanisalimu kwa heshima, Papa Vane, Papa Vane.

Nimerudi bila kusema. Nimejiambia vane imefungwa, hiyo inatosha. Sumu haipiti tena.


Siku ya Mungu, 12/10

Niko ndani ya kibanda cha vane. Nimeweka komeo na nondo nyuma ya mulango. Nimekaa juu ya gurudumu, karne juu ya goti.

Wako nje tangu saa mbili. Kama watu mia. Robine zimekauka jana nzima, leo kuna ubatizo, kuna wagonjwa, na mulima wote una kiu. Kwanza waliita vizuri. Ignace alibisha kwa kidole kimoja. Akasema Papa, dispanseri haina maji bombani, Sébastien anabaki na tanki tu, linatosha mpaka kesho.

Tanki.

Lile tanki. Lilijazwa siku ya tano, kabla sijafunga. Maji yale yale. Njo anayomnywesha Thérèse, kopo baada ya kopo, na chumvi na sukari.

Nikasimama kutoka. Nondo iko mukononi tayari. Halafu nikasikia vijana wanagombana nani atazungusha gurudumu nikifungua mulango, wanasema mutu mmoja hatoshi. Nikairudisha nondo nyuma ya mulango.

Basi nikasema. Niliweka mudomo kwenye ufa wa mulango nikasema kwa nguvu zote: "Maji ni mabaya! Ni mimi niliyetia dawa. Ile siku ya Mungu, magunia matatu ya bulu, ni mimi! Nendeni mumwambie Sébastien amwage tanki!"

Nilifikiri wamesikia.

Halafu Ignace akawageukia watu, nilimsikia vizuri, anaeleza kama mutu anayetafsiri mahubiri. Anasema Papa anataka kartie ijue kwamba ni yeye aliyesafisha maji, na dawa yake mwenyewe. Watu wakacheka, kicheko kizuri, bila ubaya. Mutu akasema tunajua, Papa, tunajua, ulishatuambia. Mwingine akasema mzee anangoja barua ya biro ifike kwanza ndipo afungue, anataka sifa yake kwa maandishi. Nikapiga kelele tena: mabaya, ni sumu, muke wangu anakufa kwayo. Clémentine akanijibu yuko karibu kabisa na ufa, sauti ya kubembeleza mutoto:

"Papa Vane, tunaona mpaka chini."

Nikapitisha karne ya Frera chini ya mulango. Nikasema mupeni Sébastien, Sébastien anajua kifaransa. Nimeona mukono unaichukua. Sijui wa nani. Nimesikia kurasa zinafunuliwa. Mutu amesema angalia, amechora samaki. Sasa sisikii tena karatasi.

Nikitoka, watafungua vane. Nikibaki, Thérèse anakunywa.

Ignace amesema wasinitukane, mimi ni mzee wao. Amesema watavunja mulango polepole, wanibebe mabegani mpaka dispanseri nikamwone mama, huku maji yanakwenda. Wanawake wameanza kuimba. Mutu ameleta nyundo ya mawe.

Bawaba ya juu imetoka. Naona jua na nusu ya uso wa Ignace, anatabasamu. Nimefunga mukanda wangu kwenye gurudumu na kwenye kiuno. Nimemwambia tena, taratibu, uso kwa uso, sasa anasikia kila neno. Ananiambia ndiyo, Papa, ndiyo, wewe njo uliyetuponya, na anawaonyesha kwa mukono wapige na bawaba ile ya